Ajali ya ndege ya ValuJet 592

Ajali ya ndege ya ValuJet 592 ilitokea tarehe 11 Mei 1996 katika kinamasi cha Everglades, jimbo la Florida, nchini Marekani. Ndege ya abiria aina ya Douglas DC-9, iliyokuwa ikitoka Miami kwenda Atlanta, ilishika moto dakika chache baada ya kuruka, ikaanguka, na watu wote 110 waliokuwemo wakafa: abiria 105, marubani 2 na wahudumu 3.

Moto ulianzia kwenye chumba cha mizigo cha mbele, ndani ya maboksi yaliyojaa mikebe ya kuzalisha oksijeni. Mikebe hiyo ni vifaa vya dharura. Kazi yake ni kumpatia abiria hewa ya kuvuta pale hewa ya ndani ya ndege inapopungua. Ilikuwa imetolewa kwenye ndege nyingine wakati wa matengenezo, na mafundi hawakuivisha vifuniko vidogo vya plastiki ambavyo vingeizuia kufyatuka. Kwa sababu hiyo ajali hii hutajwa mara kwa mara katika mafunzo ya ufundi wa ndege na ya usalama kazini.

Mkebe wa oksijeni unavyofanya kazi

Ndege za abiria huruka juu sana, mahali ambapo hewa ni nyembamba kiasi kwamba binadamu hupoteza fahamu kwa muda mfupi. Ndiyo maana hewa ya ndani hushindiliwa kwa mitambo. Mitambo hiyo ikishindwa, barakoa huanguka kutoka darini, na abiria hutakiwa kuvuta barakoa hadi usoni na kupumua kama kawaida. Kila aliyewahi kupanda ndege kubwa amesikia maelezo hayo. Asichoambiwa ni kwa nini lazima aivute.

Katika ndege nyingi barakoa imefungwa kwa kamba nyembamba, na kamba hiyo inashikilia pini. Pini ikichomoka, nyundo ndogo ya springi hupiga fataki iliyo kwenye ncha ya mkebe wa chuma uliofichwa juu ya viti. Fataki huwasha kemikali zilizoshindiliwa ndani ya mkebe, hasa klorati ya sodiamu, nazo huanza kutoa oksijeni. Mkebe mmoja huweza kutoa oksijeni kwa takriban dakika 15, muda unaotosha kwa rubani kushusha ndege hadi mahali penye hewa ya kawaida. Faida yake ni kwamba ni mwepesi kuliko mtungi wa gesi, hauvuji, na unaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa.

Lakini mkebe unaofanya kazi hupata joto kali, na uso wake wa nje huweza kuzidi sentigredi 250. Pale darini umewekewa kinga na nafasi ya kupoa, kwa hiyo joto hilo halina madhara. Ukiwa ndani ya boksi pamoja na mikebe mingine mambo hubadilika: joto la mmoja linaweza kuwasha boksi, na oksijeni inayotoka huuchochea moto. Tena mkebe ukishafyatuka hauna swichi ya kuuzima. Hauhitaji hewa ya nje, kwa sababu hewa yake umeibeba wenyewe.

Kwa sababu hiyo mkebe unaotolewa kwenye ndege kabla haujatumika lazima uvishwe kifuniko cha plastiki juu ya fataki, ili hata pini ikichomoka nyundo isiifikie. Ni kifuniko kidogo cha bei ndogo.

Shirika na karakana

ValuJet lilikuwa shirika changa la nauli nafuu lenye makao yake Atlanta. Lilianza safari mwezi Oktoba 1993 likiwa na ndege 2, na kufikia mwaka 1996 lilikuwa na takriban ndege 50, nyingi zikiwa kuukuu zilizonunuliwa kwa mashirika mengine. Ndege iliyoanguka, yenye namba ya usajili N904VJ, ilikuwa imeundwa mwaka 1969 na kutumiwa kwanza na shirika la Delta. Sehemu ya unafuu wa ValuJet ilitokana na kutokuwa na karakana kubwa ya kwake: matengenezo mazito yalikabidhiwa kwa makampuni ya nje.

Mojawapo ya makampuni hayo lilikuwa SabreTech la Miami. Mwanzoni mwa mwaka 1996 lilipewa kazi ya kutayarisha ndege 3 za familia ya MD-80 ambazo ValuJet ilikuwa imezinunua. Katika 2 kati ya hizo ilionekana kwamba mikebe ya oksijeni ilikuwa imepita au inakaribia kupita muda wake wa matumizi, ambao kwa aina hiyo ulikuwa miaka 12. Ikaamuliwa yote itolewe na kuwekwa mipya. Kazi ilikuwa ya haraka. Mkataba ulisema kwamba kwa kila siku ya kuchelewa karakana ingekatwa dola 2,500 kwa kila ndege.

Kadi iliyosainiwa

Kazi ya kutoa mikebe iliongozwa na kadi ya kazi namba 0069. Kadi hiyo ilikuwa na onyo kuhusu joto la mikebe, na mojawapo ya hatua zake ilisema wazi kwamba mkebe ambao haujatumika uvishwe kifuniko. Mwongozo wa matengenezo wa ndege ulieleza pia jinsi ya kuifyatua mikebe ya zamani mahali salama kabla ya kuitupa. Kulikuwa na njia mbili za salama, na hakuna iliyofuatwa.

Vifuniko havikuwepo stoo. Fundi mmoja aliwaambia wachunguzi baadaye kwamba alimweleza msimamizi wake kuhusu vifuniko hivyo, akajibiwa kwamba kampuni haina. Baadhi ya mafundi walizungusha kamba ya kila mkebe kwenye mkebe wenyewe na kuibandika kwa utepe, wengine wakaikata. Wakiangalia kwa macho waliona hakuna tena kinachoweza kuvutwa. Kwa kweli pini ilikuwa bado inaweza kuchomoka kwa kugongana au kusuguana, na nyundo ilikuwa imekazwa tayari. Hata hivyo kadi za ndege zote mbili zilisainiwa kuonyesha kwamba kila hatua imekamilika, pamoja na ile ya vifuniko.

Kila mkebe uliwekewa kitambulisho cha rangi ya kijani, rangi ambayo katika karakana ile ilimaanisha kifaa kinachoweza kutengenezwa tena. Kwenye vitambulisho hivyo viliandikwa maneno ya kueleza kwamba mikebe imepita muda wake. Hapa ndipo mkanganyiko wa lugha ulipoingia. Katika Kiingereza maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti yanatumika kwa hali mbili tofauti kabisa: mkebe uliopita muda wake lakini bado una kemikali zote, na mkebe uliokwisha kutumika na kubaki gamba. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwani hata kwetu neno "umeisha" linaweza kumaanisha yote mawili, na dawa iliyoisha muda na dawa iliyoisha kwenye chupa husemwa karibu kwa namna moja. Mkebe wa namna ya kwanza ni hatari kama mpya.

Safari ya maboksi

Mikebe iliwekwa katika maboksi 5. Yalikaa karakanani kwa wiki kadhaa, kisha yakahamishiwa sehemu ya kupokelea na kusafirishia bidhaa. Wakati huo karakana ilikuwa ikitayarisha mahali pake kwa ajili ya ukaguzi wa mteja mwingine mtarajiwa, na wafanyakazi walikuwa wameagizwa kuondoa vitu vilivyozagaa. Karani wa stoo, ambaye hakuwa fundi, aliamua kuyarudisha maboksi kwa mwenye mali, yaani ValuJet, huko Atlanta. Mikebe ilipangwa upya, ikafunikwa kwa plastiki yenye viputo vya hewa, na maboksi yakafungwa.

Kwenye hati ya mizigo yaliandikwa maneno yenye maana ya "mikebe ya oksijeni, mitupu". Jumla ilikuwa mikebe ipatayo 144, na mingi yake ilikuwa bado na kemikali zake zote. Pamoja na maboksi hayo yalipelekwa magurudumu 3 ya ndege yenye matairi yake.

Shehena ililetwa kwenye ndege siku ileile ya safari. ValuJet haikuwa na kibali cha kubeba mizigo ya hatari ya aina yoyote. Mfanyakazi wa upakiaji aliiona hati na kuionyesha kwa rubani msaidizi. Wakazungumza kuhusu uzito, kisha mzigo ukapokelewa. Neno "oksijeni" lilikuwa mbele ya macho yao wote wawili, lakini neno "mitupu" liliwatuliza. Magurudumu yaliwekwa sakafuni katika chumba cha mizigo cha mbele, na maboksi yakapangwa juu yake. Mpakiaji alieleza baadaye kwamba alipobeba boksi mojawapo alisikia mlio wa vitu vya chuma vikigongana na kuhisi vikisogea ndani.

Safari ya mwisho

Ndege ilitakiwa kuondoka saa 7 mchana, ikachelewa kwa zaidi ya saa moja, na kuruka saa 8:04. Nahodha alikuwa Candalyn Kubeck na rubani msaidizi wake Richard Hazen. Inaaminika kwamba angalau mkebe mmoja ulifyatuka wakati wa upakiaji au ndege ilipokuwa ikikimbia kwenye njia ya kurukia, kwa hiyo ilipopaa tayari ilikuwa imebeba moto ambao hakuna mtu aliyeuona.

Saa 8:10, ndege ikiwa imefika futi 10,000 hivi, kinasa sauti kilirekodi mlio usio wa kawaida, na nahodha akauliza ni kitu gani. Wachunguzi wanaamini ulikuwa mlio wa tairi lililopasuka kwa joto. Sekunde chache baadaye mifumo ya umeme ilianza kukatika mmoja baada ya mwingine. Nahodha alisema wanapoteza kila kitu na kwamba lazima warudi Miami. Halafu zikasikika sauti za abiria zikipiga kelele za moto kutoka nyuma ya mlango.

Rubani msaidizi aliomba kurudi, na alipoulizwa na muongoza ndege tatizo ni nini, alijibu kuwa kuna moshi ndani ya chumba cha marubani na chumba cha abiria. Walipewa mwelekeo wa kurudi Miami, kisha mwelekeo wa uwanja mwingine uliokuwa karibu zaidi. Barakoa za abiria hazikuwa na msaada wowote hapa, kwa kuwa hazimkingi mtu na moshi: oksijeni yake huchanganyika na hewa ya ndani. Moto ulikuwa chini ya sakafu, mahali zinapopita nyaya za umeme na za kuongozea ndege. Saa 8:13, chini ya dakika 4 tangu mlio wa kwanza, ndege iliinamisha pua na kugonga kinamasi takriban kilomita 27 kutoka uwanja wa Miami.

Katika abiria walikuwemo Rodney Culver, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya San Diego Chargers, aliyekuwa na mke wake, na mwimbaji Walter Hyatt.

Kazi ya kinamasini

Everglades ni eneo la maji ya kina kifupi yaliyojaa majani makali kama misumeno, na chini yake kuna tope juu ya mwamba wa chokaa. Ndege ilivunjika vipande vidogo na sehemu kubwa ikazama topeni. Hapakuwa na barabara ya kufika pale, kwa hiyo boti maalumu na helikopta zilitumika. Waokoaji walivaa mavazi ya kujikinga katika joto kali la Florida, wakipapasa majini safu kwa safu, huku wengine wakilinda kwa bunduki dhidi ya mamba. Mafuta ya ndege yalikuwa yameenea juu ya maji. Kinasa taarifa za safari kilipatikana siku mbili baada ya ajali, na kinasa sauti baada ya zaidi ya wiki mbili za kutafuta. Miili mingi haikuweza kutambuliwa.

Uchunguzi

Uchunguzi uliendeshwa na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB. Ili kuthibitisha wanachokifikiria, wataalamu waliigiza shehena ile ardhini: waliweka maboksi ya mikebe juu ya tairi ndani ya chumba cha mizigo cha majaribio na kufyatua mkebe mmoja. Baadhi ya majaribio hayakuzaa moto mkubwa. Katika jaribio mojawapo joto lilipanda hadi kupita sentigredi 1,600, na tairi likapasuka baada ya dakika 16 hivi. Jambo hilo lililingana vizuri na muda uliopita kati ya upakiaji, kuruka na ule mlio wa kwanza.

Ripoti ya NTSB ilipitishwa mwezi Agosti 1997. Haikumlaumu fundi mmoja. Ilitaja sababu tatu zilizokwenda pamoja: SabreTech ilishindwa kuitayarisha, kuifunga na kuitambulisha mikebe ipasavyo kabla ya kuikabidhi, ValuJet ilishindwa kusimamia karakana iliyoipa kazi, na mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, haikulazimisha vyumba vya mizigo vya aina ile kuwa na vifaa vya kugundua moshi na kuzima moto. FAA ililaumiwa pia kwa kutochukua hatua baada ya moto mwingine wa awali uliosababishwa na mikebe kama hiyo.

Lawama hiyo ya mwisho ilikuwa na uzito. Tarehe 10 Agosti 1986 ndege aina ya DC-10 ya shirika la American Trans Air iliteketea ikiwa imeegeshwa katika uwanja wa O'Hare, Chicago, kwa sababu ya mkebe wa oksijeni uliofyatuka ukiwa kwenye sehemu ya mizigo. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa ndege haikuwa na abiria. Kisha mwezi Februari 1988 ndege ya American Airlines iliyokuwa ikienda Nashville ilipatwa na moto wa kemikali katika chumba cha mizigo, lakini ikatua salama. NTSB ilipendekeza vyumba hivyo viwekewe vifaa vya kugundua moshi na kuzima moto. FAA ilikataa kwa hoja kwamba gharama ingezidi faida.

Hoja ya FAA ilitegemea namna vyumba hivyo vilivyoundwa. Vilizibwa ili moto wowote ndani yake ule hewa iliyopo kisha ufe wenyewe kwa kukosa oksijeni. Kwa shati au sanduku la nguo linaloungua, hesabu hiyo ni sahihi. Kwa maboksi 5 yanayotengeneza oksijeni yake yenyewe, haikuwa na maana yoyote.

Mwandishi William Langewiesche, ambaye aliwahi kuwa rubani, aliandika makala ndefu kuhusu ajali hii katika jarida la The Atlantic mwaka 1998. Alitumia fikra za mwanasosholojia Charles Perrow kudai kwamba baadhi ya ajali huzaliwa na mfumo mzima, na kwamba kuongeza makaratasi na saini kunaweza kuuzidishia mfumo huo giza. Si wote waliokubaliana naye. Wapo wanaosema, na kwa haki, kwamba kifuniko cha plastiki si jambo tata: kadi ilikitaja kwa jina, kikakosekana, na mtu akaandika kwamba kipo.

Kesi

Mwaka 1999 SabreTech na wafanyakazi wake watatu walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho, huku jimbo la Florida likiifungulia kampuni mashtaka ya kuua. Ilikuwa nadra sana nchini Marekani kwa kampuni ya matengenezo ya ndege kushtakiwa kwa jinai baada ya ajali. Mmoja wa wafanyakazi alitoroka kabla ya kesi kusikilizwa. Wawili waliobaki waliachiwa huru na baraza la mahakama mwezi Desemba 1999, lakini kampuni ilipatikana na hatia katika makosa 9 kuhusu mizigo ya hatari na mafunzo ya wafanyakazi. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ilifuta makosa 8, likabaki moja la kutowafundisha wafanyakazi ipasavyo. Mwaka huohuo kesi ya jimbo ilimalizika kwa makubaliano, na mashtaka ya kuua yakafutwa. Karakana yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa.

ValuJet ilisimamishwa kuruka mwezi Juni 1996, ikarudi angani mwishoni mwa Septemba, lakini jina lake lilikuwa limechafuka. Mwaka 1997 iliungana na shirika dogo la AirTran na kuchukua jina hilo. AirTran nayo ilinunuliwa na Southwest Airlines mwaka 2011.

Mabadiliko ya kanuni

Ndani ya mwaka 1996 Marekani ilipiga marufuku kubeba mikebe ya oksijeni kama mzigo kwenye ndege za abiria. Katika kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari mikebe hiyo imepewa namba UN 3356 na hairuhusiwi kama shehena katika ndege ya abiria. Marufuku hiyo haihusu ile iliyofungwa mahali pake darini. Mwaka 1998 FAA ilitoa kanuni iliyoyapa mashirika miaka 3 kuweka vifaa vya kugundua moshi na kuzima moto katika vyumba vya mizigo vya aina ile, jambo ambalo NTSB ilikuwa imeliomba miaka 10 kabla.

Kumbukumbu

Tarehe 11 Mei 1999 ilizinduliwa kumbukumbu ya wahanga kando ya barabara ya Tamiami Trail, inayokatiza Everglades. Ina nguzo 110 za zege, moja kwa kila mtu, zilizopangwa katika umbo la pembetatu ambayo ncha yake inaelekea mahali ndege ilipoangukia.